Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Huduma za Afya Nyanda za Juu Kusini: Ini Moja, Vyumba Vinne

Kwa:
Waheshimiwa viongozi mnaosimamia huduma za afya katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, pamoja na wakuu wa kliniki zilizo chini yenu.

YAH: MARADHI YA KUAMBUKIZA NA INI LENYE MAFUTA – VIPIMO VINACHUKULIWA LAKINI HAVISOMWI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wataalamu wa tiba na wa maabara katika mikoa hii. Mambo yaliyomo humu tumeshayaeleza kwenye vikao vya robo mwaka, tukayaandika kwa barua za ndani, tukaahidiwa kwamba yatafanyiwa kazi. Hayajafanyiwa kazi. Tumeona sasa tuyaseme hadharani, kwa heshima ile ile tuliyokuja nayo ofisini kwenu, lakini bila kuzunguka.

Utafiti wa taifa wa VVU wa mwaka 2022–2023 uliweka maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni asilimia 4.4. Maana yake ni kwamba hakuna eneo Tanzania lenye watu wengi kama huku, kwa uwiano, wanaomeza dawa kila siku ya maisha yao na kupita kliniki mara kwa mara. Watu hawa hawafi tena kwa wingi kwa magonjwa nyemelezi kama ilivyokuwa miaka ya nyuma. Wanazeeka, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila wanazeeka na ini ambalo hakuna chumba hata kimoja cha hospitali kinachokiri kuwa ni lake. CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, inaangalia virusi. Kliniki ya TB inaangalia makohozi. Kliniki ya sukari inaangalia sukari. Maabara inatoa namba na kuzipeleka dirishani. Mgonjwa ni yule yule anayezunguka vyumba vyote vinne, na ini lake ni moja.

Ini huitwa lenye mafuta pale mafuta yanapokutwa katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake. Tumezoea kulihesabu kuwa ugonjwa wa watu wanene wenye pesa. Hapa kwetu picha ni nyingine, kwa sababu maambukizi yanaingia katika hadithi hii kwa milango kadhaa kwa wakati mmoja.

Mlango wa kwanza ni virusi vyenyewe. Kirusi cha homa ya ini C, hasa aina yake ya 3, hujaza mafuta ndani ya seli za ini moja kwa moja, hata kwa mtu mwembamba. Kirusi kikiondolewa kwa dawa, mafuta hayo hupungua. VVU hupitia utumboni. Ndani ya wiki za mwanzo za maambukizi huharibu kinga iliyo kwenye ukuta wa utumbo, ukuta unavuja, vipande vya bakteria vinapanda na mshipa wa damu uendao kwenye ini, na seli walinzi za ini zinawaka uvimbe usiokwisha. Dawa hutuliza hali hiyo, lakini haziirudishi yote ilivyokuwa. Mlango mwingine ni dawa za zamani. Aliyeanza tiba kabla ya mwaka 2010 huenda alitumia stavudini kwa miaka, dawa iliyoharibu vinu vya nishati ndani ya seli, na seli isiyoweza kuchoma mafuta huyahifadhi. Mwisho kuna uzito unaoongezeka baada ya kupona, ambao tutaueleza hapa chini.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Uzito unaandikwa kila ziara, lakini hauamui chochote

Kadi ya mgonjwa ina nafasi ya uzito, na uzito huandikwa. Ukipungua, kengele inalia: anaulizwa kuhusu kikohozi, jasho la usiku, TB. Ukiongezeka, anapongezwa. Kwa aliyeingia kliniki na kilo 44 pongezi hiyo ni halali kabisa, na tunaomba isiondolewe. Lakini yule aliyeanza na kilo 68, akahamishiwa TLD (kidonge kimoja chenye dawa tatu za VVU), na baada ya miaka miwili ana kilo 81, naye hupongezwa hivyo hivyo.

Dolutegravir iliyomo ndani ya TLD ni dawa nzuri. Inashusha virusi haraka, na virusi haviwi sugu kwake kirahisi. Pia inahusishwa na ongezeko la uzito, na jaribio la ADVANCE lililofanyika Johannesburg lilionyesha kwamba wanawake ndio huongezeka zaidi. Hatusemi mtu aache TLD. Tunasema uzito wake usomwe.

Usomwe vizuri pia. Mwezi Julai Makete au Njombe mtu hupanda mizani akiwa na masweta mawili, koti na viatu vya mpira; mwezi Januari anapanda na shati. Tofauti ya kilo mbili au tatu ni ya nguo. Mizani iwekwe kwenye sakafu ngumu, irudishwe sifuri kila asubuhi, mgonjwa avue koti na viatu.

Halafu kuna kipimo kisichofanyika kabisa, ambacho ni bei rahisi kuliko vyote: futi ya fundi cherehani. Waliotumia dawa za zamani mara nyingi wana mikono na miguu myembamba huku mafuta yamekaa tumboni. Uwiano wa uzito na urefu wao unaonekana wa kawaida, na mizani inawapitisha. Kiuno hakidanganyi hivyo. Futi ipite katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, juu ya ngozi na si juu ya kanga au sweta, mwisho wa kutoa pumzi. Zaidi ya sentimita 94 kwa mwanaume au 80 kwa mwanamke, huyo achunguzwe ini, sukari, presha na mafuta ya damu.

2. Homa ya ini B haijulikani kwa watu wanaomeza dawa inayoigusa

Ndani ya kidonge cha TLD mna tenofovir miligramu 300 na lamivudini miligramu 300. Zote mbili hukandamiza kirusi cha homa ya ini B. Kwa hiyo mgonjwa mwenye VVU na homa ya ini B anatibiwa yote mawili bila mtu kujua, na hatari inaanzia hapo hapo. Figo zikisumbua, tenofovir ikaondolewa bila aliyeiondoa kujua kwamba kuna kirusi B, kirusi hicho huweza kuamka na ini kushindwa ndani ya wiki chache. Vivyo hivyo kwa anayekatisha dawa kwa sababu amehamia mashambani au machimboni na hajachukua dawa za kutosha.

Kuhusu mafuta kuna mtego ambao hata madaktari wazoefu huingia. Tafiti nyingi zimeona kwamba mtu mwenye ini lenye mafuta na kirusi B huwa na virusi vichache kwenye damu kuliko asiye na mafuta. Namba ya chini inafariji. Lakini mafuta, hasa yakiambatana na kisukari, yanaendelea kujenga makovu na kuongeza hatari ya saratani kwa njia yake yenyewe. Mgonjwa anaambiwa virusi viko chini, nenda nyumbani, wakati ini linakakamaa.

Kipimo cha HBsAg, kinachoonyesha kama mtu ana kirusi B, ni tone la damu kwenye kijiti na dakika zisizozidi 20. Kinahitajika mara moja tu mwanzoni kwa kila aliye CTC, na jibu liandikwe kwa wino mwekundu kwenye jalada la faili, lisizikwe ukurasa wa sita. Asiye na maambukizi wala kinga apewe chanjo: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi wanaohudhuria CTC leo hawakuipata utotoni. Na mwenye kirusi B aambiwe waziwazi kuhusu mahindi na karanga zenye ukungu. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, na ikikutana na kirusi B hatari ya saratani ya ini inazidishwa, haijumlishwi tu.

3. Dawa za TB zinaanzishwa bila kujua ini lilikuwaje jana

Hili ndilo linalotuumiza zaidi, kwa sababu madhara yake yanaonekana ndani ya wiki na yanazuilika.

Rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi zote zinaweza kuumiza ini, na pirazinamidi ndiyo huleta madhara mazito zaidi. Mwenye ini lililokwisha kuwa na ugonjwa ana hatari kubwa zaidi. Kanuni inayotumika duniani ni kwamba ALT (kimeng'enya kinachovujia kwenye damu ini likiumia) ikifika mara 3 ya kikomo cha juu na mgonjwa ana dalili, au mara 5 hata kama hana dalili, dawa zote zinazoumiza ini zisimamishwe. Kama kikomo cha maabara yenu ni 40, namba hizo ni 120 na 200.

Sasa mchukueni mgonjwa ambaye ini lake lina mafuta na ALT yake ya kila siku ni 75. Hakupimwa kabla ya kuanza. Wiki ya tatu anapata kichefuchefu, anapimwa, anakutwa na 130. Je, dawa zimeumiza ini, au ni yale yale mafuta yake na tumbo lililovurugika kwa kumeza vidonge bila kula? Asiyekuwa na namba ya mwanzo hawezi kujibu. Kituo kimoja kitasimamisha TB bila sababu ya kutosha na kuacha ugonjwa uendelee kuambukiza nyumba nzima. Kituo kingine kitasema "ni kawaida, vumilia", na mgonjwa atarudi na macho ya njano. ALT moja kabla ya kidonge cha kwanza ingemaliza ubishi huo.

Pakitokea haja ya kusimamisha, zisimamishwe zote, si kidonge kimoja kwa kubahatisha. Subirini ALT ishuke chini ya mara 2 ya kikomo, kisha zirudishwe moja moja kwa nafasi ya siku 3 hadi 7: rifampisini kwanza, pamoja na ethambutol, halafu isoniazidi, na pirazinamidi mwisho, au iachwe kabisa kama madhara yalikuwa makubwa na muda wa tiba urefushwe. Na kwa aliye kwenye TLD, rifampisini hupunguza dolutegravir mwilini. Anahitaji kidonge cha pili cha dolutegravir miligramu 50 saa 12 baada ya TLD. Kidonge hiki cha pili kinasahaulika mgonjwa akihamishwa kutoka wodini kwenda zahanati, kwa sababu barua ya rufaa imeandikwa "aendelee na ARV" na basi.

Mgonjwa mwenyewe aambiwe dalili za kumrudisha siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe: kutapika kusikokoma, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, macho kugeuka njano.

Katika chumba hicho hicho, swali la pombe linaulizwa vibaya. "Unakunywa?" "Kidogo." Wote wawili wanaridhika. Ulanzi ni wa msimu wa mvua. Mtu akiulizwa mwezi Septemba atasema hanywi, na anasema kweli. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu na laini, wa kesho yake ni mkali. Komoni hupimwa kwa dumu na kwa kopo linalozungushwa, kwa hiyo hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. Ulizeni kwa lita, kwa siku ngapi za wiki, na kwa msimu. Lita 1 ya kinywaji chenye nguvu ya asilimia 5 ina takribani gramu 40 za alkoholi. Mwanamke anayepita gramu 140 kwa wiki na mwanaume anayepita 210 wako eneo ambalo pombe yenyewe inachangia kuliumiza ini pamoja na mafuta: yaani lita tatu na nusu kwa mwanamke na lita tano na robo kwa mwanaume. Wakati wa tiba ya TB jibu ni sifuri.

4. Namba tatu zilizokwisha lipiwa hazikutanishwi

Kuna hesabu ya kukadiria makovu ya ini iitwayo FIB-4. Ilichapishwa mwaka 2006, na watu waliotumika kuitengeneza walikuwa na VVU na homa ya ini C kwa pamoja. Ni chombo kilichozaliwa kwa ajili ya wagonjwa wanaofanana na wetu. Haihitaji mashine mpya. Inahitaji umri, AST (kimeng'enya kingine cha ini), ALT na chembe sahani (zinazogandisha damu), vitu ambavyo mara nyingi vimo kwenye faili, katika karatasi mbili tofauti.

Hesabu yake: zidisha umri kwa AST. Kisha tafuta kipeuo cha pili cha ALT, ukizidishe kwa chembe sahani (kwa maelfu, kama zinavyotoka kwenye picha kamili ya damu). Gawa ya kwanza kwa ya pili.

Mgonjwa wa miaka 48, AST 52, ALT 49, chembe sahani 160. Umri mara AST ni 2,496. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Mara 160 ni 1,120. Jibu ni 2.23. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Arudiwe baada ya mwaka mmoja hadi mitatu kulingana na hatari alizonazo. Juu ya 2.67, apelekwe kwa mtaalamu. Kati ya hapo, kama huyu wa 2.23, anahitaji kipimo cha ugumu wa ini. Kwa miaka 65 na kuendelea tumieni 2.0 kama mpaka wa chini, vinginevyo kila mzee atapewa rufaa. Chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki.

Tunajua mtauliza kwa nini isitegemewe ALT peke yake au ultrasaundi. ALT inaweza kuwa ya kawaida kabisa wakati ini limejaa mafuta, hata makovu. Ultrasaundi huanza kuona mafuta vizuri yanapopita kama asilimia 20 hadi 30, na haipimi kovu la mapema. Picha inayosomeka "ini la kawaida" haimtoi mtu hatarini.

Ila FIB-4 ni mtumwa wa sampuli, na hapa wenzetu wa maabara wana neno lao. AST imo pia ndani ya chembe nyekundu za damu. Damu ikivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, au chupa ya kofia nyekundu ikasafiri juu ya bodaboda saa tatu kwenye barabara ya vumbi kabla seramu (maji ya damu) haijatenganishwa, chembe hupasuka na AST hupanda kwa uongo. Mtu wa miaka 45 mwenye AST 30, ALT 36 na chembe sahani 250 ana FIB-4 ya 0.90, hana tatizo. Njia ikiipandisha AST yake hadi 60, jibu linakuwa 1.80 na anaandikiwa rufaa. Chupa ya kofia ya zambarau isipopinduliwa polepole mara 8 hadi 10 baada ya kuchukua damu, chembe sahani hugandana na mashine huhesabu nusu: 125 badala ya 250. Jibu ni 1.80 tena, kwa kosa jingine kabisa.

Kwa hiyo tunataka seramu itenganishwe ndani ya saa 2 pale pale inapochukuliwa damu, na seramu ndiyo isafiri, ikiwa kwenye kisanduku chenye barafu. Sampuli yenye rangi nyekundu baada ya kuzungushwa ikataliwe, isisomwe kwa huruma. Chembe sahani zikiwa chini bila kutarajiwa, fundi aangalie kwenye kioo kama zimegandana kabla ya kutoa jibu.

Vivyo hivyo hesabu hii isifanywe mtu akiwa na homa. Malaria hushusha chembe sahani. Kwa Kyela na mwambao wa Ziwa Nyasa hili si la nadharia. Isifanywe pia siku moja baada ya kazi ngumu, kwa maana misuli nayo ina AST: mpasua mbao wa Mufindi aliyetoka msituni jana atatoa namba ya kutisha. Apumzike siku kadhaa, arudi.

5. Upande wa pili: mwenye ini lenye mafuta hachunguzwi maambukizi

Tumesema sana kuhusu maambukizi yanavyoliumiza ini. Njia hiyo inakwenda pande zote mbili. Ini huchuja bakteria wanaotoka utumboni na hutengeneza protini nyingi za kinga. Likijaa mafuta na makovu, kazi hiyo inadorora. Mwenye kisukari, ambacho ni ndugu wa karibu wa ini lenye mafuta, ana hatari ya TB mara mbili hadi tatu ya mtu mwingine. Hata hivyo kwenye kliniki ya sukari maswali manne ya TB hayaulizwi kwa utaratibu, na HBsAg haipimwi.

Aliyefikia sirosisi (ini kukakamaa kwa makovu) na tumbo kujaa maji, akipata homa au kuchanganyikiwa, maji hayo yavutwe siku hiyo hiyo na yahesabiwe seli. Neutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) 250 au zaidi kwa milimita moja ya ujazo ni maambukizi, na antibiotiki zianze bila kungoja majibu ya kuotesha. Maji ya kuotesha yaingizwe kwenye chupa ya kuoteshea damu hapo hapo kitandani; yakifika maabara kwenye bomba la kawaida, mara nyingi hayaoti kitu. Na huku kwetu TB ya tumbo ikumbukwe kila mara.

Sasa, majibu tunayoyatarajia

"Vitendanishi havipo." Hatuombi kila mtu apimwe kila mwezi. Tunaomba ALT, AST na picha kamili ya damu mara moja kwa mwaka kwa wenye miaka 35 na zaidi ambao wana angalau kimojawapo: kiuno kilichopita kikomo, kisukari, presha, HBsAg chanya, historia ya stavudini, au unywaji uliopita kiasi tulichotaja. Idadi hiyo inaweza kuhesabiwa kituo kwa kituo na kuingizwa kwenye maombi ya kawaida ya vitendanishi.

"Fedha za wafadhili zimetikisika." Ni kweli, tangu Januari 2025 kila mtu kwenye sekta hii analijua hilo. Lakini futi ya cherehani, wino mwekundu na kikokotoo cha simu havikuwa vya mfadhili. Na mgonjwa aliyelazwa kwa ini kushindwa hugharimu kitanda, damu na dawa za miezi.

"Ukiwaambia dawa zinaongeza mafuta kwenye ini, wataacha ARV." Hofu hii tunaiheshimu kuliko zote, na ndiyo sababu tunaomba maneno yapangwe. Jaribio la SMART, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006, lilionyesha kwamba waliokatisha ARV kwa vipindi walipata madhara zaidi ya moyo, figo na ini pia. Sentensi ya kumwambia mgonjwa ni fupi: "Dawa yako inalinda ini lako, tunachotaka kupunguza ni kiuno." Mtoa huduma aliyefundishwa sentensi hiyo hatamtisha mtu.

"Hata tukilijua, ini lenye mafuta halina dawa." Resmetirom iliidhinishwa Marekani Machi 2024, na hatuiombi, bei yake haituhusu kwa sasa. Tiba iliyopo ni hii: kupunguza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta ya ini, asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe, na asilimia 10 huweza kurudisha nyuma hata makovu. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo 4 hadi 8, zipungue polepole ndani ya miezi, kama nusu kilo kwa wiki. Soda yenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100 ina gramu 35 kwenye chupa ya mililita 350; hiyo iondoke kwanza, pamoja na vijiko vinne vya sukari kwenye chai. Chipsi za kila siku zirudi kuwa viazi vya kuchemsha. Ugali upungue sahani, maharage na mboga za majani ziongezeke. Kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki kunatosha, na kwa milima yetu hakuhitaji uwanja. Kahawa isiyo na sukari imehusishwa na makovu machache ya ini; ajabu ni kwamba Mbozi tunailima na kuiuza yote, tunakunywa soda. Ushauri huu usitolewe kwa mwembamba, kwa mjamzito, wala kwa aliye kwenye awamu ya kwanza ya tiba ya TB. Hao wale chakula cha kutosha.

Tunachoomba

Ndani ya siku 90 tangu barua hii itoke:

(a) Kila faili la CTC liwe na mstari mmoja jaladani: HBsAg, HCV (kirusi cha homa ya ini C), kiuno, FIB-4 kwa anayestahili, na tarehe.

(b) Hakuna dozi ya TB kwa mtu mzima inayoanza bila ALT ya siku hiyo. Damu ichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza. Tiba isicheleweshwe kungoja jibu kama mgonjwa hana dalili za ini.

(c) Vituo vinavyotuma sampuli mbali vipewe mashine ya kuzungusha damu, au ratiba ya usafiri ibadilishwe ili seramu itenganishwe ndani ya saa 2.

(d) Siku moja kila mwezi, kipimo cha ugumu wa ini kipelekwe kwa zamu kwenye hospitali za wilaya zilizo mbali kama Makete, Ludewa na Ileje, wagonjwa wakiwa wameorodheshwa mapema kwa FIB-4. Nauli ya kwenda na kurudi mjini, pamoja na kulala, ndiyo inayofanya barua nyingi za rufaa zibaki kwenye mfuko wa shati.

(e) CTC, TB na kliniki ya sukari wakae meza moja mara moja kwa mwezi na orodha ya majina yanayojirudia kwenye vyumba vyao.

Tuko tayari kuandaa fomu, jedwali la FIB-4 la kubandika ukutani, na mafunzo ya nusu siku kwa kila kituo bila posho. Tunaomba jibu la maandishi linalotaja kipengele kipi kimekubaliwa, kipi kimekataliwa na kwa sababu gani, na nani atakisimamia, na jibu hilo libandikwe kwenye mbao za matangazo za kliniki ambako wagonjwa wenyewe wataliona.

Wenu katika kazi,

Wataalamu wa tiba na maabara,
Nyanda za Juu Kusini,
Mbeya.